Mikono ya Darasa la Tatu

Mimi siwezi kukaa. Wenzangu ofisini wanalijua hilo na wameshazoea. Nasahihisha madaftari nimesimama, uji nakunywa nimesimama, na nikiwa na kipindi naranda kati ya madawati mpaka watoto wa mbele wanachoka kugeuza shingo. Mume wangu anaishi Rwamishenye na mimi nalala nyumba ya mwalimu huku Kishanda, kwa hiyo tunaonana mwisho wa wiki tu. Anasema nikifika nyumbani hata masufuria yanajua. Sibishani naye.

Kitu kinachonikera kuliko vyote ni ukimya wa darasani. Unauliza swali rahisi kabisa, ambalo umelifundisha jana na juzi, halafu watoto hamsini na nane wanakutazama kama vile swali umemuuliza mtu mwingine. Hapo damu inanipanda. Nina hasira za karibu, sikatai, na nilipokuwa kijana nilikuwa nikingoja jibu kidogo tu, kisha nalisema mwenyewe kwa sauti ya kufoka na kuendelea mbele.

Dawa ya ukimya nilipewa mwaka wangu wa pili kazini na mwalimu mmoja mwanamke aliyekuwa anakaribia kustaafu. Tulikuwa tunasubiri wakaguzi, akanivuta pembeni ya tangi la maji akaniambia, "Patana na watoto." Mapatano yenyewe ni mepesi. Mwalimu akiuliza swali, kila mtoto ananyoosha mkono. Anayejua jibu ananyoosha wa kulia. Asiyejua ananyoosha wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia. Mgeni aliyekaa nyuma ya darasa hana habari na kulia wala kushoto. Anaona mikono imejaa mpaka ukutani, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anaandika kwenye karatasi yake.

Ningeishia kwa wakaguzi, pengine leo ningekuwa na kichekesho tu cha kuwasimulia wenzangu tukistaafu. Lakini mimi nilinogewa. Siku wakaguzi walipoondoka, niliuliza swali na mikono ikanyanyuka yote kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyewaambia watoto kwamba mchezo umekwisha. Nikaona raha. Darasa lilikuwa limechangamka, na mimi nilikuwa nachagua, wewe, wewe, haya wewe, majibu yanakuja sahihi, kipindi kinakwenda kwa kasi ninayoipenda. Nikauacha uendelee. Kila mwaka nikipokea darasa jipya la tatu, wiki ya kwanza nafundisha mapatano kabla ya kufundisha kitu kingine chochote. Nilijiambia kwamba yanawasaidia wasiojua, kwamba hawaaibiki. Nilijiambia pia kwamba jioni nitakuwa nawapitia wale wa kushoto mmoja mmoja. Ile jioni haikufika.

Kwa hiyo nikajulikana. Wakaguzi walibadilika, hata jina la kazi yao likabadilika wakawa wathibiti ubora, lakini darasa langu liliendelea kusifiwa. Mwalimu mkuu akipata mwalimu mpya kutoka chuoni humleta mlangoni kwangu na kumwambia, angalia mwalimu mzuri anavyofanya kazi. Nami nauliza swali, mikono inapanda, kijana wa watu anabaki mdomo wazi.

Mwaka juzi, msimu wa mvua za Machi, alikuja shuleni bibi mmoja. Ilikuwa Ijumaa mchana, mimi nimeshafunga mkoba wangu, pikipiki ya kunipeleka barabarani inanisubiri chini ya mkaratusi na dereva anapiga honi. Bibi alikuwa amejifunga kitenge safi cha kanisani na amebeba chane ya ndizi mbivu kichwani. Nilimfahamu kwa sura. Kibanja chake kipo njiani, migomba na mibuni, na mjukuu wake wa kike wa miaka tisa alikuwa darasani kwangu. Nilimwamkia nikiwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja umeshatoka nje.

"Mwalimu, waitu, sitakuchelewesha," alisema, kwa neno letu la heshima la Kihaya. "Nimekuja kukushukuru. Huyu mtoto kila akirudi namuuliza, leo shuleni mmefanya nini? Ananiambia, bibi, nimenyoosha mkono. Kila siku. Hajawahi kuniambia leo sikunyoosha."

Nilimjibu kwamba ni mtoto mwenye bidii, na sikuwa nadanganya. Binti alikuwa akinyoosha mkono mpaka anainuka kwenye benchi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na chochote nilichoandika ubaoni alikinakili bila kukosea hata nukta. Sikukumbuka siku niliyowahi kumwita ajibu, lakini Ijumaa ile sikulifikiria hilo. Nilikuwa nafikiria pikipiki.

Bibi akatoa karatasi kwenye kitenge. Katekista wa kigango chao, kanisa dogo la Kikatoliki, alikuwa ameandaa Jumapili ya watoto, siku ambayo watoto wanafanya kila kitu kanisani, wanaimba, wanapokea watu mlangoni, wanasoma masomo ya Misa. Mjukuu wake amepewa somo la kwanza. Jina limeshatangazwa. Zilikuwa zimebaki wiki nne na siku mbili. Aliomba nimfanyishe mazoezi kidogo, maana nyumbani hakuna mtu wa kumsahihisha. Yeye mwenyewe herufi hazijui, alitolewa shule akiwa mdogo akapelekwa kulea wadogo zake.

Nikamwita mtoto palepale, bibi yake akiwa amesimama barazani. Nilimpa karatasi nikamwambia asome. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akanitazama mimi mdomoni. "Mwalimu, nisomee kwanza wewe, nitashika."

Nilimsomea haraka haraka, mistari minane ya mwandiko wa katekista. Yeye akairudia yote, kwa sauti safi, anapumzika pale nilipopumzika. Bibi barazani alifunga macho akisikiliza, na kusema kweli na mimi nilivimba kichwa. Nilipoikunja karatasi kumrudishia ndipo nikaona kuna mstari mmoja ulioingia kwenye mkunjo. Mimi sikuwa nimeusoma, nilikuwa nimeuruka kwa haraka zangu. Yeye naye hakuusoma. Dereva akapiga honi tena. Nikasema mtoto ameniiga tu, watoto wanaiga, nikampa bibi karatasi yake, nikachukua ndizi nikapanda pikipiki.

Basi nililopanda barabarani liliposimama Izigo kupakia watu, nilikuwa nimeshaanza kusumbuka. Mtu anayesoma karatasi ataruka vipi mstari uleule, na sentensi isilete maana, na asishtuke? Nilijibu mwenyewe kwamba mwandiko wa katekista ni mbaya. Halafu nikajijibu tena kwamba ule wa karatasi ile haukuwa mbaya. Nilifika Rwamishenye nikiwa nimegombana na nafsi yangu njia nzima. Jumamosi nilimenya ndizi za mchana nikaziacha nusu kwenye maji, nikaenda dukani nikasahau nilichofuata, nikarudi, nikafua shuka ambazo zilikuwa zimefuliwa. Mume wangu aliniuliza kama kuna mtu kafa. Jumapili kwetu, sisi Walutheri, tulikuwa na ibada ndefu, na nilitoka nje mara mbili kama mama mwenye mtoto mchanga. Nilikuwa naogopa Jumatatu.

Jumatatu baada ya vipindi nilimbakiza yule binti. Wenzake walikuwa wanakimbia kwenda nyumbani, kelele zao zinapungua barabarani, na sisi tukabaki wawili na ubao. Nilifungua kitabu cha darasa la tatu kwenye ukurasa ambao hatukuwa tumefika. Nikamwambia, kwa upole niliouweza, "Soma mstari huu."

Aliutazama mstari. Akanitazama mdomoni, mdomo wangu umefungwa. Halafu, akiwa peke yake kwenye chumba cha watu hamsini na nane, akanyoosha mkono wa kushoto.

Sijawahi kupigwa kofi na mtoto, lakini nadhani ndivyo linavyouma. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anafanya nilichomfundisha, na alikuwa anasubiri, uso wake umetulia, nimchague mtu mwingine.

Nilijaribu herufi. Irabu alizijua zote tano. Konsonanti alijua nyingi zikiwa pekee, zikikutana na irabu zinampotea. Jina lake alilijua kama picha. Vingine vyote alivishika kwa masikio, na alikuwa na masikio ya ajabu: hadithi yoyote niliyosoma mara moja alikuwa anaweza kuifungua kitabuni na kuisema, kidole kinatembea chini ya maneno kwa mwendo wa mtu anayesoma. Darasa la kwanza walikuwa themanini na zaidi chini ya mwalimu mmoja, nani angemwona? La pili hivyo hivyo. La tatu alikutana na mimi, mwalimu mzuri.

Nilimweleza mwalimu mkuu. Ni mtu mwema, ana shule ya kuendesha, na alikuwa anapanga ratiba ya mitihani nilipoingia. "Mkaririshe tu hilo somo," alisema. "Wiki nne ni nyingi, yeye anashika haraka. Jumapili ipite salama, aibu isimpate mtoto wala shule. Kusoma utamfundisha baadaye pole pole."

Ubaya wa ushauri huo ni kwamba ulikuwa mzuri. Ningemsomea mara mbili, pamoja na ule mstari wa kwenye mkunjo, na Jumapili angesimama akasoma vizuri kuliko watoto wote wa kigango. Bibi yake angelia kwa furaha. Mimi ningeletewa ndizi nyingine. Na yule mtoto angeshuka pale mbele akiwa ameshajua kwa maisha yake yote kwamba hivi ndivyo mambo yanavyofanyika. Nilizunguka mlingoti wa bendera mpaka usiku ukaanza kuingia, watoto wa mwalimu wa jirani wananichungulia. Nilitamani mtu anilazimishe.

Hakuna aliyenilazimisha, kwa hiyo Jumanne jioni nilikwenda kwa bibi. Alinikaribisha jikoni, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, akaendelea kupukuchua maharage. Nilimwambia kwamba mjukuu wake hajui kusoma. Akasema nimekosea mtoto. Nikamwambia tena, nikamweleza mapatano yote, kulia na kushoto, na kwamba kila aliposikia mtoto amenyoosha mkono, mkono wenyewe ulikuwa huu. Nikauinua wangu wa kushoto.

Aliacha kupukuchua. Kisha akahamia Kihaya, kama wazee wetu wanavyofanya wakitaka maneno yafike, na akanisema. Sitayaandika yote. Alisema yeye hajui kusoma na anajua kwamba hajui, hilo halijamwaibisha mbele ya mtu. Lakini kumfundisha mtoto kuficha, hilo hata yeye asiyesoma asingelifanya. Nilimwomba tuongee na katekista, jina lifutwe, nafasi apewe mwingine. Alinikatalia.

"Jina limeshasomwa kanisani," alisema, amerudi kwenye Kiswahili. "Atasimama. Na hutamkaririsha. Wewe ni mwalimu, mfundishe."

Tulianza siku iliyofuata, saa tisa alasiri, kila siku mpaka jua linainama. Niliandika silabi kwenye vipande vya maboksi ya sabuni, ba, be, bi, bo, bu, tukavipanga sakafuni. Siku ya nne nilimfokea. Alikuwa amekwama kwenye silabi aliyoijua dakika tano kabla, na ule ukimya wake ukanipanda kichwani, nikafoka kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. Akaanza kuniangalia mdomoni tena. Nikatoka nje nikazunguka jengo zima, nikarudi nikamwambia nisamehe. Hakujua afanye nini na neno hilo kutoka kwa mwalimu. Akaniambia ahsante.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho chuoni walinifundisha nikaandika kwenye daftari nikapata alama: kungoja. Niligundua kwamba sijui kabisa kungoja. Mtoto akinyamaza, nikihesabu moja, mbili, tatu, ikifika nne ulimi wangu umeshatoka na jibu. Nikawa naweka kipande cha chaki kati ya meno. Nahesabu mpaka kumi na tano, ishirini, mate yananijaa mdomoni yakiwa na ladha ya chokaa, na nikifika kumi na saba hivi yule mtoto anasema "ndi", halafu "ndizi", na kuangalia pembeni kama aliyemsikia mtu mwingine akisema. Sijui niielezeje furaha ile. Ilikuwa inaniuma.

Darasani nako niliwaambia watoto mapatano yamekwisha. Anyooshe anayejua tu. Niliuliza swali, walinyoosha kumi na mmoja. Kumi na mmoja kati ya hamsini na nane, na wengine wameweka mikono chini ya madawati, wanaogopa hata kuangaliana. Mwalimu mkuu alipita dirishani, akarudi nyuma hatua mbili, akachungulia. Baada ya kipindi akaniuliza, "Mwalimu, darasa lako limepatwa na nini? Mbona limezimika?" Nilimwambia limekuwa hivyo siku zote. Hakunielewa, na mwezi ule alimpeleka mwalimu mpya kutazama darasa la mtu mwingine. Iliniuma, nisiwadanganye. Sifa nilizokuwa nazipata kwa uongo zilikuwa tamu vilevile.

Wiki ya tatu alikuwa anasoma maneno ya silabi tatu, nne, taratibu, kidole kwenye karatasi. Somo la katekista sikumsomea hata mara moja. Alilianza mwenyewe kutoka juu, mstari mmoja kwa siku, na Ijumaa ya mwisho kulikuwa na maneno mawili au matatu ambayo bado yalikuwa yanamshinda. Alinitazama. Mdomo wangu ulikuwa unawasha. Nikamwambia aende nyumbani akalale.

Jumapili ile sikwenda Rwamishenye. Nilikwenda kigangoni kwao, nikakaa benchi la nyuma, Mlutheri asiyejua lini kupiga magoti, nikawa namfuata mama wa mbele yangu ambaye kumbe alikuwa na maumivu ya goti na alikuwa anapiga magoti akijisikia. Bibi alikuwa mstari wa pili. Mtoto alipoitwa alipita katikati akiwa amevaa gauni jeupe la kuazima, na kwa kuwa meza ya kusomea ilikuwa ndefu walimwekea kreti ya soda akapanda juu yake.

Alianza. Sauti ilikuwa ndogo kuliko ile aliyokuwa akinikariria, na haikuwa na madaha. Neno, pumzi, neno. Watu walianza kukohoa. Nilisikia mtu akinong'ona kwamba wangempa mtoto wa mwenyekiti, anayesoma shule ya kulipia mjini. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mikono yangu ilikuwa imeshika benchi la mbele. Kwenye mstari wa tano alifika kwenye neno refu na akasimama.

Nilihesabu. Kwenye nne nilifungua mdomo. Kwenye kumi kanisa zima lilikuwa limeacha kukohoa. Kwenye ishirini katekista alijisogeza kwenye kiti chake. Neno nilikuwa nalijua, lilikuwa linanichoma ulimi, na ningeweza kulisema kwa sauti na watu wangefikiri ni msaada. Bibi hakugeuza kichwa kulia wala kushoto.

Mtoto aliinua uso kutoka kwenye karatasi. Hakutafuta mdomo wa mtu. Akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Neno hili silijui."

Mzee mmoja alicheka, na nadhani mkewe alimkanyaga maana kicheko kilikatika. Katekista akasimama, akalisoma neno. Mtoto akalirudia, akaweka kidole chake chini yake akalitazama vizuri kama mtu anayetambulishwa mgeni, kisha akaendelea mpaka mwisho. Sikumsikia vizuri kwa sababu nilikuwa nalia, na mimi huwa silii kanisani hata kwetu.

Nje, watu wakisalimiana, bibi alinikuta kwenye ukuta wa zahanati ya jirani nikijifuta uso na kona ya kitenge. Nilidhani atanishukuru, na nilishaandaa maneno ya kukataa shukrani. Alinishika mkono, akaushikilia.

"Sasa na mama yake," alisema.

Nilimuuliza mama yake yupi. Mtoto nilikuwa nimemkuta kwa bibi, sikuwahi kuuliza zaidi.

"Mama yake huyu, mwanangu wa mwisho. Yuko kwenu huko Rwamishenye, anauza kwenye duka la mtu. Nawe si ulimfundisha, mwalimu? Darasa hilihili la tatu. Na yeye nilikuwa nikimuuliza, alikuwa ananiambia hivyohivyo."

Akanitajia jina. Nilisimama pale nikilitafuta. Nimefundisha watoto wengi, na ninajisifu kwamba nawakumbuka: waliokuwa wa kwanza, watundu, waliokuwa wanajibu. Nilizipita sura zote nilizonazo kichwani na huyo hakuwemo. Katika darasa zima la mwaka huo niliweza kuwaita wale kumi na tano au ishirini wa mikono ya kulia. Waliobaki walikuwa mikono tu, haina nyuso.

Jumamosi iliyofuata nililitafuta duka. Kumbe nimelipita miaka miwili nikienda kuchukua maziwa. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu alikuwa nyuma ya meza anapima mchele, na mteja alipomwomba majani ya chai alinyoosha mkono akatoa boksi bila kulisoma, kwa rangi. Nilimngojea mteja aondoke. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuanzia tangu Kishanda, na yote yakanitoka. Kabla sijafungua mdomo akaniona, na uso wake ukafunguka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unanikumbuka?"

"Nitakusahau vipi?" alisema, akifuta kiti kwa khanga yake ili nikae. "Walimu wengine walikuwa wananitesa. Wewe ulikuwa mwalimu mzuri. Hukuniuliza swali hata siku moja."